Kutoka lugha ya kuombea maji mpaka kuimudu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha Kiswahili kwa wageni na kwa watoto wa kwetu waliozaliwa nje, na swali linalorudi kuliko yote ni hili la "nitajua lini kwamba nimejua". Linakuja kwa sura nyingi, darasani, kwenye simu usiku, mpaka kwenye harusi mtu anakuvuta pembeni. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu, mengine kwa urefu mengine kwa ufupi, kutegemea na swali lenyewe. Mifano mingi ni ya Kiswahili maana ndo lugha ninayoishi nayo, ila hata anayehangaika na Kijerumani au Kichina nadhani atajiona humu.

Kujua lugha ndo nini hasa?

Wengi wanafikiri ni kujua maneno yote. Hakuna anayejua maneno yote, mimi mwenyewe ukinikalisha na mafundi wa majahazi kule Nungwi wakaanza kutaja vipande vya chombo kimoja kimoja nabaki nawaangalia tu, na Kiswahili ni changu toka utoto. Wengine wanafikiri ni kuongea haraka, kumwaga maneno kama mtangazaji wa mpira. Siyo hivyo pia, wapo wanaoongea mbio na hawaeleweki.

Mimi naiona hivi: unaijua lugha pale unapoweza kulimaliza jambo lako na mtu bila kukwama na bila yeye kukubeba. Hilo la kubebwa ndo linasahaulika sana. Ukiwa bado unajifunza anayekusikiliza naye anafanya kazi, anakisia ulichotaka kusema, anakumalizia sentensi, anachagua maneno mepesi, anapunguza spidi, yani anakubeba mgongoni na wewe unadhani unatembea. Siku akiacha kukubeba na wala hajagundua kwamba ameacha, hapo umefika, kwa jambo hilo.

Nasema "kwa jambo hilo" makusudi. Kuna dada mmoja niliyemfundisha alikuwa anapatana bei Kariakoo mpaka muuzaji anamwongeza kitu juu, af siku alipougua akashindwa kumweleza daktari kama maumivu yanachoma, yanakata, yanavuta au yanapwita, alibaki na "inauma, inauma sana" basi. Sokoni alikuwa fasaha, hospitali alikuwa anaanza moja. Kwahiyo mtu akiniuliza "hivi mimi najua Kiswahili?" namuuliza kwanza, kwa jambo gani, na ukiwa na nani?

Mimi nasikia ila siongei. Nahesabika kwamba najua?

Hili swali nalipenda kwa sababu lugha yetu yenyewe imeshalijibu zamani. Sisi tunasema "nakisikia Kichaga lakini sikiongei", na kila mtu anaelewa kwamba hapo kusikia ni kuelewa, ni ngazi kamili yenye jina lake. Mimi kwetu ni Moshi na ndo nilivyo na Kichaga mpaka leo, bibi yangu alikuwa ananisemesha kwa lugha yake namjibu kwa Kiswahili na tunaelewana mpaka chakula kinaiva.

Kwa hiyo ndiyo, unahesabika, una nusu nzima ya lugha na ni nusu ngumu kuipata darasani. Masikio yako yanajua sauti, yanajua wapi sentensi inaishia, yanajua mtu amekasirika au anatania. Kinachokosekana ni mdomo kuzoea. Watu wa hivi wakianza kuongea kweli wanapanda haraka kuliko anayeanza sifuri, shida yao kubwa ni aibu, maana wanasikia kabisa kwamba walichosema hakiko sawa. Mgeni anachapia na hajui kama amechapia, anaendelea zake. Wewe unachapia na unajisikia, ndo unanyamaza miaka ishirini.

Ngazi zipo ngapi?

Za mtaani kwetu ni hizi nnazozisikia: kuna lugha ya kuombea maji, yani umekwama mahali na unaweza kuomba maji usife kiu, basi. Kuna kusikia. Kuna kuongea, ambapo unaongea na unachapia na maisha yanaenda. Kuna kuimudu, hapa unafanya kazi nayo, unagombana nayo, unaomba msamaha nayo. Kuna fasaha. Na juu kabisa kuna mbuji, yule ambaye akisimama msibani au kwenye harusi watu wanatulia. Umbuji hata wazawa wengi hatuna, na mtu asijipime nao.

Na hizo A1, B2, C1 ni kitu gani?

Ni vipimo vya Baraza la Ulaya, walivitoa rasmi mwaka 2001, viko sita: A1, A2, B1, B2, C1, C2. Sasa hivi vimeenea dunia nzima, vijana wetu wanaotaka kwenda Ujerumani kusomea unesi au kulea watoto wanavijua vizuri sana maana viza inategemea humo. A ni mwanafunzi anayeanza, B ni mtu anayejitegemea, C ni aliyebobea.

Kinachonivutia mimi ni maelezo ya B2. Wanasema kwa lugha yao kwamba mtu wa B2 anaweza kuzungumza na wenye lugha bila upande wowote kuchoka kwa kujikamua. Umeona? Upande wowote. Ni lile lile la kubebwa. Kwahiyo nikiulizwa mstari wa kusema "sasa huyu anaimudu" uko wapi, nauweka B2, siyo C2. Watu wengi wanajitesa kwa kudhani mpaka C2 ndo ruksa kusema unajua lugha.

Kwenye CV niandike niko fasaha?

Andika unachoweza kufanya. "Naendesha mkutano kwa Kiswahili, naandika barua za ofisi kwa msaada kidogo" inamsaidia mwajiri kuliko neno moja la kujisifu. Kama una cheti weka levo na mwaka uliopata, maana cheti cha B1 cha zamani kama hujaigusa lugha tangu hapo kwenye intavyuu kitakuaibisha.

Inachukua muda gani?

Shule ya lugha ya wizara ya mambo ya nje ya Marekani, inayofundisha mabalozi na maofisa wao, inakadiria kwa Kiswahili wiki 36, kama masaa 900 ya darasani, ili mtu aweze kufanya kazi nacho. Kijapani, Kichina na Kiarabu wanaweka wiki 88, masaa 2200. Hiyo ni kwa mtu anayetokea Kiingereza, anayelipwa mshahara kusoma, na jioni ana kazi za nyumbani juu yake. Ukisoma lisaa limoja kwa wiki, piga hesabu mwenyewe, masaa 900 ni miaka zaidi ya 17. Sikukatishi tamaa, nakwambia tu usijilaumu baada ya miezi mitatu. Na kinyume chake, Mganda au Mnyarwanda au Mzambia anayetokea lugha ya Kibantu anakuja na ngeli zake kichwani tayari, huyo masaa 900 hayamhusu.

Mbona naijua sarufi yote lakini nikifungua mdomo nakwama?

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndo kiini chenyewe.

Chukua neno "aliyenipigia". Mwanafunzi anayeanza analijenga kama mtu anayepanga tofali: a, halafu li, halafu ye, halafu ni, halafu piga, ah ngoja kuna i hapo, pigia. Anafika mwisho amesahau alikuwa anataka kusema simu. Yeye sarufi anaijua, kwenye karatasi anakuandikia bila kosa, mara nyingine anakushinda wewe mzawa ukimwambia ataje ngeli. Lakini ile kazi ya kujenga inamla akili yote, haibaki nafasi ya kufikiria anachotaka kusema. Anayeimudu lugha halijengi, analichukua zima "aliyenipigia simu jana" kama kitu kimoja kilichokuwa kabatini tayari, na akili yake iko huru kwenye mazungumzo yenyewe.

Kwa hiyo dawa ya kukwama siyo sarufi zaidi, ni kurudia unachokijua mpaka kiwe chepesi. Mwalimu mmoja mkubwa wa mambo haya, Paul Nation wa New Zealand, anasema kozi inatakiwa igawanywe sehemu nne zinazolingana: kusikiliza na kusoma vitu unavyovielewa, kuongea na kuandika ueleweke, kusoma lugha yenyewe yani sarufi na maneno, na ya nne ni kufanyia mazoezi vitu unavyovijua TAYARI ili viende haraka. Hiyo ya nne madarasa mengi hayana kabisa, kila siku mada mpya, kila siku maneno mapya, mtu anajaza ghala na mlango haufunguki.

Kuna zoezi moja la sehemu hiyo nalitumia kila wiki, linaitwa nne-tatu-mbili. Unamsimulia mtu kitu, mfano jinsi ulivyofika Dar mara ya kwanza, kwa dakika nne. Kisha unageukia mtu mwingine unamsimulia hicho hicho kwa dakika tatu. Kisha wa tatu, dakika mbili. Hadithi ile ile, wasikilizaji tofauti. Mara ya tatu utajishangaa, vile vituo vya "eeeh... eeeh..." vimepungua na sentensi zimejiunga. Huna wa kuongea nao? Jirekodi kwenye simu, inafaa pia, ingawa uso wa mtu una msaada wake.

Nikikosa neno katikati nifanyeje?

Zunguka. "Kile kitu cha kukunia nazi, unakikalia" na mtu atakwambia "mbuzi", umelipata na hutalisahau. Kuzunguka siyo udhaifu, wazawa tunazunguka kutwa nzima. Na jifunze vile vijineno vya kushikilia zamu: "yani", "sasa", "unajua", "hebu ngoja", "nisemeje". Ukinyamaza kimya watu wanadhani umemaliza, ukisema "nisemeje..." wanakungojea. Jifunze pia "kumbe", "eti", "si", "basi" na "tu", ni vidogo na kwenye vitabu havipewi uzito, lakini "si nilikwambia" na "nilikwambia" ni vitu viwili mbali kabisa.

Nilipata A ya Kiswahili KCSE, mbona nikifika Dar au Unguja naogopa kufungua mdomo?

Mkenya mwenzetu pole, na A yako ni ya kweli, usiidharau. Mtihani ulikupima insha, lugha na fasihi, karatasi tatu. Haukukupima kusalimia wazee baraza nzima bila kumruka mmoja, wala kujua kwamba dukani "nipe sukari" ni kavu na "naomba sukari" au "nisaidie sukari" ndo watu wanavyosema. Huko Bara na Visiwani ufasaha uko sana kwenye kuingia na kutoka kwenye mazungumzo: shikamoo kwa aliyekuzidi, za tangu jana, watoto hawajambo, wazee wazima, na shida yako inakuja baadaye. Ukiruka hapo, sarufi yako iwe nyoofu kama rula, utaonekana hujui lugha. Wiki mbili za kukaa na watu zinatosha kukubadilisha, maana msingi unao.

Halafu kuna maneno yanayogeuka mpakani. Bibi kwa mtaa wa Nairobi mara nyingi ni mke, kwa Tanzania ni mama wa mama yako au wa baba yako. Mtu akisema "namtumia bibi hela" msikilizaji wa Dar anaona mjukuu mwema.

Kwahiyo Kiswahili cha kweli ni kipi?

Kile kinachoandikwa vitabuni ni sanifu, msingi wake ni Kiunguja, kilichaguliwa kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928 na kamati ya kukisimamia ikaundwa 1930. Kilichaguliwa ili shule za nchi nne zitumie vitabu vya aina moja. Haikuwa kwamba Kimvita cha Mombasa au Kiamu cha Lamu vina kasoro, Kiamu kilikuwa na tungo ndefu zilizoandikwa muda mrefu kabla. Mzee wa Mombasa anayesema "ndoo" akimaanisha "njoo" na "ndia" akimaanisha "njia" hajakosea kitu, anasema lugha ya kwao. Wa Goma na Lubumbashi wanasema "aksanti" na "iko" zao na wanalea watoto na kufanya biashara humo. Sheng nayo ina wenyewe wanaoimudu na ukijifanya unaijua watakugundua dakika moja. Chagua unakotaka kuishi, jifunze cha hapo, na cha sanifu kiwe cha kusomea na kuandikia. Mwenye viwili hivyo na akajua lini atumie kipi, huyo ndo namwita fasaha.

Lafudhi je? Lazima niongee kama mtu wa pwani?

Hapana. Lafudhi inasema ulikotoka, haisemi unajua kiasi gani. Fanyia kazi yale tu yanayobadili maana. "Kura" na "kula" zitenganishe, maana kupiga kura na kula ni shughuli mbili. "Barabára" ni njia, "barábara" ni sawasawa kabisa. Mkazo wetu karibu kila mara unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na ukiongeza kiambishi unasogea nao, nyúmba, nyumbáni. Ukishika hilo umesaidia msikilizaji kuliko kuhangaika na "gh" ya "ghali" miaka mitatu.

Asiye mzawa anaweza kweli kufikia?

Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, lugha ya mama yake ilikuwa Kizanaki, Kiswahili alikipatia shuleni. Mwaka 1963 ilitoka tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare, na 1969 Mabepari wa Venisi. Joaquim Chissano, rais wa zamani wa Msumbiji, alikipata Kiswahili enzi chama chao cha ukombozi, FRELIMO, kilipokuwa Dar, na mwaka 2004 akasimama mbele ya wakuu wa Umoja wa Afrika akahutubia kwa Kiswahili, wakalimani hawakujiandaa. Na ukihesabu, Watanzania wengi wa Bara kizazi cha wazazi wetu Kiswahili kilikuwa lugha yao ya pili au ya tatu, na ndio walioendesha nchi nacho. Hata wale wa Baraza la Ulaya kwenye toleo lao la nyongeza la 2020 wameondoa kumtaja mzawa kama kipimo. Walichelewa lakini ni sawa.

Kuchanganya na Kiingereza ni dalili kwamba sijui?

Inategemea unachanganya kwa sababu ipi. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kuchanganya pale unapoongea na bibi kijijini, basi mchanganyo wako wa ofisini ni mtindo tu wa kuongea. Ukishindwa, basi kuna mahali pana shimo. Jaribu siku moja nzima, utajua mwenyewe.

Watoto wangu wako Minnesota, wananielewa ila wananijibu Kiingereza. Nimechelewa?

Hujachelewa. Hawa ni wale wale wa kusikia. Wasichokuwa nacho ni mtu wa kuongea naye asiyejua Kiingereza, maana mtoto siyo mjinga, kama mama anaelewa Kiingereza kwa nini ajichoshe? Wapigie simu bibi na babu na wewe toka chumbani. Kama kuna nauli, wiki sita za likizo kwa binamu zao zinafanya kazi ya miaka miwili ya kuwabembeleza. Nawajua familia za Muscat, wazee waliotoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964, ambako wajukuu wanaongea mpaka leo, na kila ninapouliza siri nakuta kuna bibi ndani ya nyumba ambaye akiulizwa kwa lugha nyingine haitikii.

Na tafadhali, msiwacheke. Mtoto akisema "mikono mawili" usirudie mbele ya wageni kwa kumuiga, wewe jibu tu "ehe, mikono miwili, haya osha", amesikia.

Nisome vitabu gani na vigumu kiasi gani?

Vyepesi kuliko unavyofikiri. Utafiti wa kusoma unaonyesha ili usome kwa raha bila kamusi inabidi ujue karibu asilimia 98 ya maneno yaliyomo, yani neno moja geni kwenye maneno 50. Ukurasa ukiwa na mageni kumi na tano, huko ni kufumbua mafumbo, kiweke kando kwa sasa. Vitabu vya watoto wa darasa la nne siyo aibu.

Haya yanafanana na ujuzi mwingine?

Kabisa. Nenda kaangalie bao Zanzibar, lile la Kiswahili, safu nne za mashimo manane, kete 64. Anayeanza anahesabu kete moja moja kwa kidole, anajua kanuni zote na majina yake, namua, mtaji, takata, lakini akimaliza kuhesabu upande wake ameshasahau wa mwenzake. Fundi hahesabu. Anatupa jicho anaona kete zitaishia wapi zikizunguka, na muda huo huo anakutania na kunywa kahawa. Kuendesha gari vivyo hivyo, wiki ya kwanza klachi na gia zinakumaliza nguvu, baada ya mwaka unaongea na abiria mpaka mwisho wa safari. Kote kitu kimehama kutoka kwenye kufikiria kikaenda kwenye mazoea.

Lugha inasahaulika?

Mdomo unasahau kwanza, masikio mwishoni. Ukirudi inarudi haraka kuliko ulivyojifunza mara ya kwanza.

Nikiota ndoto kwa Kiswahili ndo nimefika?

Wengine wanaota mwezi wa pili na bado hawawezi kuagiza chipsi. Furahi, ila usipimie hapo.

Mimi ni mzawa. Mgeni akinisemesha kwa Kiswahili cha kuungaunga nifanyeje?

Hili naulizwa mara chache na natamani ningeulizwa kila siku. Mjibu kwa Kiswahili. Najua unataka kumsaidia, au unataka kuonyesha kwamba na wewe Kiingereza kipo, lakini ukihamia Kiingereza umemwambia kwamba alichosema hakikutosha, na wanafunzi wangu wanarudi darasani wameumia kwa hilo kuliko kwa mtihani. Ongea taratibu kidogo, siyo kwa sauti kubwa, yeye siyo kiziwi. Usimsahihishe kila neno, rudia tu alichosema kwa usahihi ndani ya jibu lako kama unavyofanya na mtoto. Na ukiona anatafuta neno, mpe sekunde tatu nne kabla hujamtajia, mara nyingi liko njiani linakuja.